Siku Moja Kilwa Kisiwani: Maji, Mawe na Boriti

Assalaam alaykum, na habari za asubuhi. Wazee wetu wa Kisiwani mliovuka kuja kukaa nasi, shikamooni. Manahodha, na nyinyi vijana mnaoanza kazi ya kuongoza wageni, karibuni.

Mgeni anayefika hapa Kilwa Masoko ameshasafiri kama kilomita 300 kutoka Dar es Salaam. Mbele yake umebaki mkono wa bahari wa kama kilomita mbili, na ng'ambo yake kuna mji ambao mwaka 1981 uliingizwa pamoja na magofu ya kisiwa jirani cha Songo Mnara katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mgeni huyo ana saa sita au saba tu za kuuona. Kinachoziharibu saa hizo ni desturi ya kuigawa siku mafungu mawili: asubuhi historia, mchana mazingira. Mwongozaji anamaliza masultani, anafunga daftari, kisha anasema sasa twende tukaone mikoko. Kisiwani hakugawanyiki hivyo. Ukuta wa msikiti ni matumbawe yaliyotolewa baharini, chokaa iliyoushika ni matumbawe yaliyochomwa kwa kuni, na dari ililazwa juu ya boriti za mikoko. Hata mahali pa kujenga mji palichaguliwa kwa sababu kati ya kisiwa na bara kuna bandari yenye kina, iliyokingwa na mawimbi ya bahari kuu. Mwongozaji aliyelishika hilo anaweza kusimama popote kisiwani akawa na la kusema.

Tuanze na maji, maana ndiyo yanayopanga ratiba. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na siku mbili tatu baada ya hapo, bahari iko kwenye bamvua: inajaa sana na kupwa sana. Katika pwani yetu, siku za bamvua maji hupwa mwisho kati ya saa nne na saa tano asubuhi, na kila siku inayofuata saa hiyo husogea mbele kwa kama dakika 50. Kwa hiyo siku ya bamvua ondokeni Masoko saa moja na nusu, maji yakiwa bado yanashuka, mfike chombo kikiwa kinaelea. Ukiondoka saa nne, boti itasimama mbali na ufuko, na mama mwenye umri wa miaka 70 atashushwa kwenye tope na mawe yenye chaza wanaokata kama wembe. Kurudi, subirini hadi saa nane au tisa maji yameshaingia. Siku za maji mafu, wiki moja baadaye, tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo, na chombo kinafika karibu wakati wowote. Lakini siku hizo msimwahidi mgeni kutembea chini ya mikoko, kwa sababu ufuko haukauki vya kutosha. Mwambieni mapema, kabla hajalipa.

Upepo nao una hesabu yake. Wakati wa kusi, hasa Juni hadi Agosti, asubuhi bahari huwa tulivu na alasiri hukorogeka. Dau la tanga ni zuri na wageni wanalipenda, lakini mwenye ratiba ya siku moja achukue boti ya injini au dau lenye mashine, kisha tanga lipandishwe wakati wa kurudi kama upepo unaruhusu. Jaketi la kujiokolea livaliwe kabla ya kamba kufunguliwa. Kulikalia si kulivaa. Kibali cha kuingia magofuni kinachukuliwa huku Masoko, hakuna atakayekukatia ukishavuka. Majina ya wageni yaandikwe siku moja kabla ili asubuhi isiliwe na makaratasi.

Kila mtu abebe maji ya kunywa lita moja na nusu hadi mbili. Mzunguko mzima ni mwendo wa kilomita kadhaa, na sehemu kubwa haina kivuli. Chakula cha mchana kiagizwe kijijini tangu jana yake, pamoja na idadi ya watu. Anayepika anahitaji kujua anunue samaki wangapi na akune nazi ngapi. Kikundi kinachotokea ghafla saa saba kikiwa na njaa huishia kula saa tisa, maji yakimsubiri nahodha.

Siku ya bamvua, mbadilishe mpangilio uliozoeleka. Wengi huanza na Gereza, ile ngome ya kale, kwa sababu liko pale pale unaposhukia. Ni bora mwende kwanza Husuni Kubwa, jumba la kale la sultani, kama kilomita moja na nusu kufuata pwani upande wa mashariki, kabla jua halijakolea. Njiani mtapita mibuyu. Msiseme tu kwamba mbuyu unaishi miaka mingi. Mgeni aguse gome, aone makovu ya mahali palipobanduliwa kamba na jinsi mti ulivyojifunika upya. Miti mingi hufa ikizungushwa kisu hivyo, mbuyu unaota gome jingine. Ua lake hufunguka jioni, popo hulitembelea usiku, na asubuhi unalikuta limeanguka chini, jeupe, linaanza kugeuka kahawia. Liokoteni mumwekee mgeni mkononi. Hilo linamkaa kuliko takwimu yoyote ya umri wa mti.

Husuni Kubwa ilijengwa mwanzoni mwa karne ya 14, enzi ya Sultan al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abu al-Mawahib, baba wa zawadi, yaani mtoaji. Ina vyumba zaidi ya 100, ua wa kusini uliozungukwa na ghala, ukumbi wa baraza, na birika la kuogea la pembe nane, juu kabisa ya jabali linalotazama bahari. Mahali hapa mgeni husimama akapiga picha za birika kisha akageuka kuondoka. Mzuieni. Mwelekezeni macho kwenye upana wa vyumba. Vingi ni virefu na vyembamba, upana wake haufiki mita tatu. Boriti ya mkoko iliyonyooka, inayoweza kubeba dari nzito ya mawe na chokaa bila kupinda, haizidi urefu huo. Sultani alikuwa na dhahabu ya Sofala, bandari ya kusini huko Msumbiji, lakini chumba chake kilipimwa na mti wa matopeni. Aliyetaka nafasi pana zaidi ilimbidi aweke nguzo, au ajenge kuba.

Hapo ndipo mteremkie mikokoni. Ikiwa mmehesabu vizuri, saa nne na nusu maji yako chini kabisa. Usimwonyeshe mgeni mikoko kana kwamba ni mti mmoja. Ulio na mizizi ya matao, kama miguu ya buibui, ndio mkoko wenyewe. Unaochomoza vipumulio vyembamba kama penseli zilizopandwa topeni ni mchu. Mlilana unasimama mbele kabisa, upande wa bahari, na vipumulio vyake ni vinene. Mkandaa ni mdogo, na gome lake ndilo linalotoa rangi nyekundu. Mkomafi una tunda kubwa la mviringo kama mpira, na likipasuka mbegu zake ni ngumu kuzipanga tena zikakaa zilivyokuwa. Chukueni jani la mchu, mligeuze, mlisogeze kwenye mwanga. Utaona chembe ndogo zinazometa. Mgeni apitishe ulimi: ni chumvi. Mti umekunywa maji ya bahari na kuitoa chumvi kupitia jani. Mkoko wenyewe hauna kazi hiyo, kwa sababu unaizuia kwa sehemu kubwa huko huko mizizini.

Usitie mguu kwenye tope usilolijua. Rangi nyeusi inayong'aa na harufu kama ya yai viza ni dalili ya tope jororo lenye kina. Kanyageni palipo na mizizi au mchanga wenye mashimo ya kaa. Ndala huvutwa na kubaki chini, kwa hiyo viatu viwe vya kufunga, ambavyo mtu haogopi kulowa. Na mikoko hii msiitaje kama pambo. Ilipokatwa, mawimbi yalipata njia ya kula ufuko, na baadhi ya kuta na makaburi ya kale yaliyokuwa karibu na maji yakaanza kuporomokea baharini. Magofu haya yaliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004 na kuondolewa mwaka 2014, baada ya kazi kubwa ya kuzuia mmomonyoko na kuimarisha kuta. Miaka kumi ya kazi, na mti wenyewe ungeifanya bure.

Mnaporudi kwa njia ya juu, jua linakuwa kali. Sasa ndiyo saa ya Msikiti Mkuu, kwa sababu una kuba na vivuli. Hapa nataka tukae kidogo, maana ndipo mahali ambapo mwongozaji mzuri na mwongozaji wa kukariri wanatofautiana.

Msikiti huu ni majengo mawili yaliyoungana. Upande wa kaskazini, kwenye mihrabu, ni msikiti mdogo wa zamani, wa karne ya 11 hadi 12, uliokuwa na dari bapa. Mwanzoni mwa karne ya 14, mji ukiwa umetajirika, ukaongezwa ukumbi mkubwa upande wa kusini, wenye nguzo zilizochongwa kila moja katika jiwe moja zima la tumbawe. Zilipendeza, lakini hazikuweza mzigo. Ukumbi ukaanguka, ukakaa gofu kwa muda mrefu, na karne ya 15 ukajengwa upya kwa nguzo nene za pembe nane zilizojengwa kwa vipande vya mawe na chokaa. Ndizo mnazoziona, zikiwa zimebeba safu za kuba na matao. Kwa nini jiwe zima lilishindwa? Tumbawe linapotoka baharini ni laini, fundi analichonga kama anayechonga ubao, na likikaa hewani linakauka na kuwa gumu. Lakini ndani lina matundu, yale ambayo wanyama wadogo wa tumbawe waliishi. Mgeni asogeze uso karibu na kizingiti cha mlango au ukingo wa mihrabu, mahali palipochongwa vizuri: ataviona vitundu hivyo vimepangana kama sega la nyuki, vidogo kuliko kichwa cha kiberiti. Jiwe la namna hiyo ni zuri kwa nakshi. Kulifanya nguzo nyembamba ya kubeba dari la tani nyingi ni kulidai kisicho chake.

Elezeni chokaa pia. Magogo yanapangwa duara, mawe ya matumbawe yanawekwa juu, moto unawashwa na kuachwa uteketeze. Majivu meupe yanayobaki huachwa yapigwe na mvua na hewa kwa miezi kabla ya kutumika. Chokaa hiyo inapumua: unyevu unaoingia ukutani unaweza kutoka. Ndiyo maana ufa wa ukuta wa zamani haukandikwi kwa saruji. Saruji ni ngumu kuliko jiwe lenyewe, inafungia maji na chumvi ndani, chumvi inakauka na kuvimba, na uso wa jiwe la jirani unapukutika huku kiraka cha saruji kimesimama kizima. Ukikuta mahali pa namna hiyo mwonyeshe mgeni, ni somo tosha. Na mtu yeyote asipande ukutani kupiga picha. Juu ya ukuta ndipo pa udhaifu, kwa sababu dari likishaanguka mvua inaingilia hapo, mtini unaota hapo, na mizizi inashuka ikipasua.

Hatua chache kutoka hapo kuna Msikiti Mdogo wa Kuba, wa karne ya 15, uliobaki mzima kuliko yote. Paa lake lina sehemu tisa za mpangilio wa tatu kwa tatu, na juu ya kuba ya katikati kumesimama nguzo ya pembe nane. Ingieni mtazame juu: ndani ya kuba mna mahali palipopachikwa mabakuli ya kigeni yenye rangi ya kung'aa, na mengine yametoka yakaacha alama za duara. Mabakuli hayo yalivuka bahari, kisha fundi wa hapa akayafanya pambo la dari. Msikiti wa Jangwani, kusini zaidi, umebomoka zaidi. Wapelekeni wenye muda na nguvu tu.

Sasa mambo ya kusimulia. Kila mgeni atauliza mji ulianzaje. Tarehe ya Kilwa, yaani kitabu cha historia ya mji, iliyoandikwa kwa Kiarabu karne ya 16, na ile aliyochapisha Mreno João de Barros mwaka 1552, zinasema Ali bin al-Hasan alikuja kutoka Shirazi, mji wa Uajemi, akakinunua kisiwa kwa nguo za kutosha kukizunguka, na mfalme wa asili alipotaka kurudi akakuta mkondo umechimbwa na maji hayavukiki tena. Isimulieni, ni hadithi nzuri na ni ya wenyeji. Lakini isimulieni kama mapokeo. Uchimbaji ulioongozwa na mwanaakiolojia Neville Chittick miaka ya 1960 ulionyesha watu waliishi hapa kabla ya majumba ya mawe, katika nyumba za miti na udongo, wakifua chuma na kutengeneza ushanga wa makombe. Mwaka 2023 ulichapishwa utafiti wa vinasaba vya watu waliozikwa katika miji kadhaa ya pwani yetu, Kilwa ikiwemo. Kwa jumla ukaonyesha kwamba upande wa kina mama asili ni Afrika kwa sehemu kubwa, na upande wa kina baba wengi wana asili ya Uajemi, mchanganyiko ulioanza kama mwaka 1000. Kwa hiyo anayemwambia mgeni kwamba mji huu ulijengwa na wageni peke yao anakosea, na anayesema hakuna aliyekuja pia anakosea.

Msafiri Ibn Battuta wa Moroko alifika mwaka 1331 akausifu mji na ukarimu wa Sultani. Anasimulia fukara kutoka Yemen aliyemwomba Sultani nguo alizovaa. Akapewa, na baadaye akaongezewa watumwa kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Waongozaji wengi huishia kwenye nguo. Msikate hadithi hapo. Wale kumi nao walikuwa watu, na biashara hiyo ilikuja kukua. Mwaka 1776 mfanyabiashara Mfaransa Jean-Vincent Morice aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupewa watumwa 1,000 kila mwaka. Wapo wageni wanaokuja Kilwa kwa ajili ya jambo hilo, wakitafuta walikotoka watu wao. Wapeni ukweli kwa sauti ya chini na muda wa kukaa kimya.

Malizieni na Makutani, jumba jingine la masultani, na Gereza, jirani na chombo. Mwaka 1502 Vasco da Gama alimlazimisha Amir Ibrahim, mtawala wa Kilwa, kulipa kodi ya dhahabu, na dhahabu hiyo ikafuliwa mwaka 1506 kuwa monstransi ya Belém, chombo cha kanisa cha kuonyeshea Ekaristi, ambayo hadi leo iko katika makumbusho ya sanaa ya kale mjini Lisbon. Mwaka 1505 Mreno Francisco de Almeida aliuteka mji na kujenga ngome, ambayo Wareno waliihama mwaka 1512. Gereza mnaloliona ni la Waomani, la kama mwaka 1800, lililojengwa juu ya mabaki ya hiyo ya Wareno. Na neno gereza lenyewe limetokana na neno la Kireno la kanisa. Wageni wengi wanaosema Kiswahili hawalijui hilo, na hufurahi.

Ufukweni hapo maji huacha vigae: vya udongo vyenye mistari, vya kijani vya Uchina, mara nyingine ushanga. Viangalieni vikiwa chini. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavilinda, na zaidi ya sheria, kigae kilichohamishwa kimepoteza ushahidi wa mahali pake. Tazameni sarafu za Kilwa: moja ya al-Hasan bin Sulaiman ilipatikana Zimbabwe Kuu, magofu ya mji wa mawe huko bara, na kwa kuwa mahali ilipookotwa panajulikana, inatueleza njia ya dhahabu. Ingekuwa mfukoni mwa mtu ingekuwa shaba tu. Mgeni aliyekwisha okota ombeni kwa upole akirudishe pale pale alipokitoa, na mwende naye.

Kijijini watu wanaishi, wanaswali, wanaanika samaki. Magoti na mabega yafunikwe, picha ziombwe, watoto wasigawiwe pesa njiani. Anayetaka kusaidia anunue madafu au alipie chakula kwa bei iliyopangwa na kijiji. Kabla ya kupanda chombo, hesabuni watu mara mbili, mmoja akihesabu nchi kavu na nahodha akihesabu ndani.

Kesho ni siku ya pili tangu mwezi kuandama, maji yatapwa mwisho kama saa tano. Boti ya mazoezi inatoka gatini saa moja na nusu kamili. Tutaanza na Husuni Kubwa, na kila mmoja ataeleza ukuta mmoja mbele ya wazee. Msije na ndala.